Ukweli wa Ladha na Adabu ya Kulaumu Chakula

Mgahawa wa familia uliodumu mtaani miaka mingi huwa na wateja wanaouapia na wengine walioapa kutorudi. Wote wamekalia viti vilevile, wamepakuliwa kutoka sufuria moja na kulipa bei moja, lakini mmoja anasema mchuzi wa pale hauna mfano, na mwenzake anasema ni maji matupu. Mgawanyiko huo unaibua maswali mawili ya kale. La kwanza ni la falsafa: watu wawili wakipingana kuhusu ladha, je, ni lazima mmoja wao awe amekosea? La pili ni la dini na maadili: anayetangaza kwamba chakula cha mtu ni kibaya anasema kwa haki ipi, na anapaswa kukomea wapi?

Kwa Afrika Mashariki, mfano ulio wazi kabisa ni migahawa ya Kitaliano ya Malindi, nchini Kenya. Waitaliano waliufahamu mji huo zaidi baada ya nchi yao kujenga kituo cha kurushia roketi huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Satelaiti ya kwanza iliondoka kwenye jukwaa la baharini la San Marco mwezi Aprili 1967. Miaka iliyofuata wakaja watalii na walowezi, zikajengwa nyumba na hoteli, yakawashwa matanuri ya piza, na wenyeji wengi wakajifunza Kitaliano kwa ajili ya kazi. Katika migahawa hiyo tambi huchemshwa dakika chache tu na kuepuliwa zikiwa bado na ugumu kidogo ndani, kwa sababu Mtaliano huziona zilizolainika kabisa kuwa zimeharibika. Mswahili wa pwani naye anazijua tambi tangu utotoni, ila zake ni za sukari, tui la nazi na iliki, laini, na huliwa sana wakati wa kufuturu. Akiletewa za Kitaliano atasema hazijaiva. Mtaliano akiletewa za kufuturu atasema zimerojeka. Wote wawili wamesema kweli kwa kipimo walichokuja nacho mezani.

Jambo hilo halimpi Mtaliano mamlaka ya mwisho juu ya tambi. Wasomali walizipokea wakati wa ukoloni wa Italia, wakazitia viungo vyao, wakazila pamoja na ndizi mbivu, na leo baasto, kama wanavyoziita, ni chakula chao halali, iwe Mogadishu au Eastleigh jijini Nairobi. Hata nyanya, ambayo wengi huiona kuwa roho ya mapishi ya Kitaliano, ilitoka bara la Amerika baada ya 1492, kwa njia ileile ya bahari iliyoleta mahindi Afrika. Kaskazini ya Italia maskini wa vijijini waliishi kwa vizazi vingi wakila polenta, yaani uji mzito wa unga wa mahindi ambao Mtanzania yeyote angeutambua mara moja kuwa ni ugali, na angeukosoa kwa kuwa haujasongwa ukakaza. Asili ya chakula inaeleza kilikotoka. Haiamui nani ana haki ya kukionja na kusema.

Kutoka pwani hadi Soitsambu ni mbali, lakini swali ni lilelile. Soitsambu ni kijiji na kata katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, kwenye njia ya kutoka Wasso kwenda Ololosokwan. Ni nchi ya wafugaji wa Kimaasai. Hoteli za kijiji kama hicho ni za familia: mama yuko jikoni, binti anapeleka sahani, mtoto wa kiume anachoma nyama nje. Wanaokula humo ni wafugaji waliokuja mnadani, madereva, waongoza watalii, walimu na watumishi waliohamishiwa kutoka Mwanza, Tanga au Mbeya. Kila mmoja anakuja na jiko la kwao kichwani.

Maziwa yanaonyesha vizuri jinsi hukumu zinavyogongana. Kibuyu cha Kimaasai hakisafishwi kwa maji pekee. Mama huchukua kijiti cha mti wa oloirien, yaani mzeituni mwitu, akakichoma hadi kikawa kaa jekundu, akakiingiza ndani ya kibuyu na kukisugulia kuta zake, kisha akakung'uta majivu. Moshi husaidia maziwa yasiharibike upesi, na huyaachia harufu na chembe nyeusi za mkaa. Aliyelelewa na maziwa hayo akipewa ya pakiti huyaona hayana uhai. Mgeni akionja ya kibuyu husema yameungua. Sasa, harufu ya moshi imo kweli ndani ya kikombe, hakuna aliyeibuni. Wanachotofautiana ni maana yake: kwa mmoja ni alama ya usafi na malezi mema, kwa mwingine ni alama ya jiko lililozembewa.

Tofauti nyingine zimo mwilini kabisa. Mwaka 1931 mwanakemia wa Marekani Arthur Fox aligundua kwamba unga wa kemikali uliopeperuka maabarani mwake ulikuwa mchungu mno mdomoni mwa mwenzake, ilhali yeye hakuonja chochote; baadaye ilithibitika kwamba tofauti hiyo hurithiwa. Kuna watu ambao kotimiri huwanukia sabuni, nao hawajidekezi. Mwaka 2007 kundi la watafiti lililoongozwa na Sarah Tishkoff lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vya watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, likaonyesha kwamba mabadiliko ya kijenetiki yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya sukari ya maziwa yalitokea na kuenea miongoni mwa jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki bila kutegemea yale ya Wazungu. Kwa hiyo mgeni anayekunywa maziwa Soitsambu, tumbo likamvuruga usiku kucha, huenda akayalaumu maziwa wakati jambo lenyewe limo katika damu yake. Maumivu yake ni ya kweli. Hukumu yake juu ya mama aliyempa maziwa siyo.

Je, basi kila mtu na ulimi wake, na mjadala umekwisha? Methali ya Kiswahili inaonekana kukubali: kipendacho roho hula nyama mbichi. Mwanafalsafa wa Uskochi David Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikiri kwamba watu wengi husema hivyo, kisha akakataa kuishia hapo. Alisimulia upya kisa kutoka riwaya ya Cervantes, Don Quixote, cha ndugu wawili walioombwa kuonja divai ya pipa moja. Wa kwanza alisema ni nzuri, ila kuna ladha ya ngozi. Wa pili alisema ni nzuri, ila kuna ladha ya chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipomwagwa, ndani ukakutwa ufunguo wa kale uliofungwa kwenye kamba ya ngozi.

Kisa hicho kina uzito kuliko kinavyoonekana. Ndugu hao walitoa maoni yaliyopishana, na wote walikuwa sahihi, kwa sababu kila mmoja alishika sehemu ya jambo lililokuwemo pipani. Kwa Hume, mlaji wa kuaminiwa ni yule mwenye hisi kali, aliyezoea, aliyelinganisha vingi, mwenye akili timamu na asiye na upendeleo. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Ukipenda, chongo huita kengeza. Mteja aliyelishwa kwa mkopo wakati wa shida ataisifu supu ya hoteli hiyo hata siku iliyopwaya, na aliyegombana na mwenye hoteli juu ya chenji atauona wali wote una mawe.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1790, alikuwa mkali zaidi. Alitenga kinachopendeza ulimi na kilicho kizuri, akasema anayesifia divai ya visiwa vya Kanari anapaswa kuongeza kwamba inampendeza yeye, kwa kuwa hawezi kuwadai watu wote wakubaliane naye. Kuhusu chakula, Kant alikosea kwa nusu. Ni kweli kwamba hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake kupenda moshi wa oloirien. Lakini nyama iliyochacha imechacha kwa kila mtu, na wali uliotiwa chumvi mara mbili hauhitaji mkutano wa kijiji. Sehemu ya hukumu ya mlaji ni ushahidi juu ya kitu kilichopikwa, na sehemu ni mapenzi yake. Ugomvi mwingi juu ya migahawa unatokana na kuchanganya hizo mbili: mtu anatoa mapenzi yake kwa sauti ya shahidi.

Wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro ilitoa somo kubwa kuhusu ushahidi. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge kunywa dawa ya mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, kwa shilingi 500 kikombe. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Waliorudi walitoa habari zilizopingana: wengine walisema wamepona, wengine walizidiwa, na wapo walioacha dawa za hospitali wakafariki. Hapo hapakuwa na nafasi ya kusema kila mtu na ulimi wake, kwa kuwa ugonjwa ama umeondoka ama haukuondoka, na kipimo cha hospitali kilikuwepo. Sahani ya chakula iko katikati ya mambo mawili: si dawa inayopimwa maabara, wala si ndoto ya mlaji peke yake.

Muda nao hutoa ushahidi wa namna yake. Husemwa kizuri chajiuza, na mgahawa uliovuka miaka thelathini bila bango kubwa umepigiwa kura kila siku kwa miguu ya wateja. Hoja hiyo ina nguvu, lakini isitumike bila kuangalia mazingira. Kijiji chenye hoteli moja hakina wa kumlinganisha mwenye hoteli. Mahali pengine wateja hurudi kwa sababu ni karibu, ni nafuu, au hapo ndipo walipokutana na wachumba wao. Tena, familia hubadilika. Mama aliyejua kupima chumvi kwa kiganja huzeeka, jiko likapita kwa mkwe, bei ya mafuta ikapanda, kuni zikawa mkaa na mkaa ukawa gesi. Mteja wa siku nyingi anayesema chakula kimebadilika na mgeni anayesema ni kitamu huenda hawapingani hata kidogo, kwa kuwa mmoja anapima sahani ya leo kwa sahani ya mwaka 1995, na mwingine anaipima kwa njaa yake ya mchana huo. Anayesikiliza maoni hayo bila kuuliza msemaji analinganisha na nini, hajasikia kitu.

Swali la pili, la haki ya kusema, limejibiwa na dini kwa makini kuliko inavyodhaniwa. Hadithi sahihi zinaeleza kwamba Mtume Muhammad hakupata kukitia chakula ila. Alikula alichokipenda na kuacha asichokipenda. Katika simulizi nyingine aliwekewa nyama ya kenge wa jangwani, akajizuia, akaeleza kwamba si haramu bali hakikuwa chakula cha nchi ya watu wake. Sahaba wake Khalid bin Walid akakila mbele yake, naye hakumzuia. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi: mtu anatamka asichokipenda, anakitaja kuwa ni chake yeye, na mwenzake anaendelea kula bila kuaibishwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Roma juu ya jambo linalofanana, kwamba anayekula kila kitu asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula.

Adabu hiyo haimaanishi kunyamazia uovu. Wanazuoni wa Kiislamu wameharamisha kusengenya, lakini Imam Nawawi, aliyefariki 1277, aliorodhesha hali sita ambazo ndani yake kutaja aibu ya mtu kunaruhusiwa, mojawapo ikiwa ni kuwatahadharisha watu na madhara. Mgahawa unaouza nyama ya mnyama aliyekufa kwa ugonjwa, au unaopunja wateja, umo ndani ya ruhusa hiyo, na anayejua akanyamaza amewakosea wenzake. Mgahawa ambao chapati zake zilikuwa ngumu Jumanne moja haumo. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo nayo inahusika hapa, kwa maana anayesema chakula cha pale ni kibaya siku zote, naye amekula mara moja, ametoa ushahidi wa siku asizokuwepo.

Uzito wa neno haulingani kati ya anayelisema na anayeambiwa. Kwa mlaji ni mlo mmoja na shilingi elfu chache. Kwa familia ni ada ya shule, deni la unga dukani na jina walilolijenga kwa mikono yao, na katika kijiji kama Soitsambu, ambako kila mtu anamjua mwenzake, neno la asubuhi limeshafika kisimani kabla ya jua la mchana. Kwa hiyo mteja aliyepewa nyama ngumu amwite kwanza mama mwenye hoteli, amwonyeshe sahani, amwambie kwa upole kilicho kibaya. Naye mama asikilize hadi mwisho kabla ya kujitetea, kisha ambadilishie sahani au amrudishie fedha yake.