Mtu na Tendo Lake Kitale na Bungoma

Mafundisho ya makanisa mengi yaliyoenea kati ya mto Nzoia na Mlima Elgon, katika maeneo ya Kitale na Bungoma magharibi mwa Kenya, yanasimama juu ya tofauti moja kuhusu mashoga, yaani wanaume wanaovutiwa kimapenzi na wanaume wenzao: kwamba tendo lao hulaaniwa, lakini wao wenyewe hupendwa. Tofauti hiyo haikubuniwa na wahubiri wa sokoni. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ambayo ni mkusanyiko wa mafundisho rasmi ya kanisa hilo, inalihesabu tendo hilo kuwa kinyume cha sheria ya maumbile, kisha katika aya ya 2358 inaagiza kwamba wenye mwelekeo huo wapokewe kwa heshima na huruma, wala wasibaguliwe isivyo haki. Maaskofu wa Anglikana katika Mkutano wa Lambeth wa mwaka 1998 walilikataa tendo hilo kuwa halipatani na Maandiko, na katika azimio hilohilo wakaahidi kusikiliza maisha ya wahusika na kukiri kwamba waliobatizwa miongoni mwao ni viungo kamili vya mwili wa Kristo. Nusu ya kwanza ya azimio inakumbukwa na kila mtu, nusu ya pili ni nadra kusikika mimbarini. Hata sheria ya nchi inafuata mkondo huohuo, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni, inatoa kifungo cha hadi miaka 14 katika kifungu cha 162 na miaka 5 katika kifungu cha 165 kwa matendo, lakini haina kosa linaloitwa kuwa shoga. Mahakama ya Juu iliitegemea hali hiyo tarehe 24 Februari 2023, pale majaji watatu dhidi ya wawili walipoamua kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lilinyimwa usajili isivyo halali, kwa sababu uhuru wa kujumuika uliomo katika Katiba ni wa kila mtu.

Jambo linalostahili kuchunguzwa ni kama tofauti hiyo inaishi mtaani kama inavyoishi vitabuni. Ukiyatazama maisha ya kila siku ya Kitale na Bungoma, inaonekana imepinduliwa: tendo, ambalo ndilo lililokatazwa, hufumbiwa macho maadamu halitajwi, na mtu, ambaye ndiye aliyeagizwa apendwe, ndiye anayebeba adhabu pindi anapojulikana.

Upinduzi huo unajitokeza kwanza katika mambo madogo. Wanaume wawili wanaoketi meza moja hotelini Bungoma mjini, wakagawana chapati na maharagwe, hawamshtui mtu. Wala hawashangazi vijana wawili wanaokodi chumba kimoja katika ploti ya Kitale ili wagawane kodi, kwa kuwa mahindi yasipouzika vizuri hata wasio na siri yoyote huishi hivyo. Kwa Wabukusu, jamii ya eneo hili, urafiki wa bakoki, yaani wanaume waliotahiriwa msimu mmoja, unaruhusu ukaribu ambao katika miji mingi ya Ulaya ungezua maswali. Tendo lina mahali pa kujificha pasipo na shida. Kisichojificha ni sauti, mwendo, suruali iliyobana, na zaidi ya yote umri unaopita bila harusi. Shangazi akiuliza mbele ya wageni, "Utatuletea bibi lini?", jibu la mzaha hukubalika mwaka wa kwanza na wa pili, kufikia mwaka wa kumi swali huacha kuulizwa, na ukimya unaofuata ni wa hatari zaidi kuliko swali lenyewe. Mwenye ploti anayempa mpangaji notisi na kiongozi wa kwaya anayempokonya mwimbaji nafasi yake hawajashuhudia tendo lolote. Wanahukumu dalili, na dalili ni mtu mwenyewe.

Uchumba nao hufuata mantiki hiyo. Mawasiliano huanzia kwenye simu, ambako picha hutumwa bila kichwa, na wakati wa kuonana ukifika, wa Bungoma huona heri apande matatu hadi Kitale kupitia Webuye na Kiminini, huku wa Kitale akitamani safari ya kinyume, kila mmoja akiutafuta mji ambao hana mjomba. Katika eneo hili, wageni wawili wakikutana huulizana mara moja mtu ni wa nani, yaani mwana wa ukoo gani, kwa kuwa bila jibu hilo salamu haijakamilika. Katika miadi ya namna hii, hilo ndilo swali ambalo wote wawili hulikwepa. Hofu yao ina msingi. Kutishiwa na kutozwa pesa ili siri isitoboke ni balaa lililoandikwa sana na watetezi wa haki katika Afrika kusini mwa Sahara, na njia yake inajulikana: mtu hualikwa na anayejifanya mpenzi, hukuta wengine wamemngoja chumbani, na kabla ya kuachiliwa hulazimishwa kutuma fedha kwa simu. Walaghai hao hawatishii kuthibitisha tendo mahakamani. Wanatishia kumpigia simu baba yake.

Kuna ukosefu mwingine, wa usuluhishi, ambao haujadiliwi sana, ingawa pengine ndio mzito zaidi. Mume na mke wakigombana Kimilili, katika kaunti ya Bungoma, ugomvi wao una mahali pa kwenda: kuna wazazi wa pande zote mbili, kuna wasimamizi wa harusi, kuna mchungaji, na kikao kinaweza kukaa hadi usiku wa manane. Wapenzi wawili wa kiume hawana kikao. Wivu, deni, kipigo na usaliti hubaki baina yao, na anayeonewa hawezi kushtaki bila kujishtaki. Mwanamitindo Edwin Chiloba aliuawa mwanzoni mwa mwaka 2023 huko Eldoret, mji uliounganishwa na Kitale kwa barabara moja, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikamhukumu kifungo cha miaka 50 mwanamume aliyekuwa akiishi naye. Hakuna awezaye kudai kwamba kikao cha wazee kingemwokoa. Hata hivyo, jamii inayojisifu kwa kusuluhisha ugomvi wa nyumbani imewaweka baadhi ya watoto wake nje ya usuluhishi huo, kisha mauaji yakitokea hustaajabu kana kwamba yametoka mwezini.

Hoja nzito zaidi dhidi ya uchambuzi huu ni kwamba ukimya nao ni rehema. Waislamu wa Bungoma na Kitale wanalo neno lake, sitara, lenye maana ya kufunikwa kwa aibu ya mtu ili asivunjiwe heshima. Kurani katika sura ya 49 inakataza kupelelezana, na sheria ya Kiislamu inadai mashahidi wanne kabla ya mtu kuadhibiwa kwa zinaa, sharti ambalo kwa vitendo huliacha tendo la faraghani mikononi mwa Mungu. Mwenye kutetea mila naye atasema kwamba mzee anayejua na kunyamaza amemkubali mwanawe kwa namna yake, na kwamba kudai maneno ya wazi ni kuleta vurugu mahali penye amani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na wanaume wengi wa eneo hili wameishi vyema chini ya kivuli chake. Lakini sitara ya kweli humlinda aliyesitiriwa, na anayesitiri hujinyima ruhusa ya kufunua. Ukimya wa mtaani hauna kifungo hicho: leo unatunzwa na mwenye ploti, kesho unaweza kuwa mikononi mwa mlaghai, na kila anayeutunza anajua bei yake. Kitu kinachoweza kuuzwa na mtu mwingine bila ridhaa ya mwenyewe hakiwezi kuitwa sitara.

Hoja nyingine hutoka katika falsafa ya Kiafrika. John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba mtu huwa mtu kwa kuwa ndani ya jamii, na kwamba ndoa ni wajibu unaowaunganisha waliokufa, walio hai na watakaozaliwa, kiasi kwamba anayeukwepa anakata mnyororo. Mahakama Kuu ilionekana kufikiri karibu na hapo tarehe 24 Mei 2019, ilipokataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 kwa kuhofia kwamba hatua hiyo ingefungua mlango wa miungano inayopingana na ibara ya 45 ya Katiba, inayotaja ndoa kuwa ya watu wa jinsia tofauti. Hata tendo, kumbe, halikuhukumiwa peke yake. Lilihukumiwa kwa niaba ya harusi ambayo walalamishi hawakuiomba. Lakini mnyororo wa Mbiti, ukiangaliwa katika eneo hili, umeshalegezwa na waumini wenyewe: dayosisi za Kitale na Bungoma zina mapadri ambao hawataoa wala kuzaa, na koo zao huwachinjia fahali siku ya upadirisho badala ya kuwalilia. Ikiwa jamii imeweza kumhesabu padri kuwa mtu kamili kwa sababu inajua kwa nini hakuoa, basi tatizo la shoga haliko katika kutozaa peke yake, bali katika sababu ambayo haruhusiwi kuitaja.

Hapo ndipo Kanisa la Friends, linalojulikana pia kama Waquaker, linapoingia kwa uzito wa pekee, kwa kuwa hakuna nchi duniani yenye Waquaker wengi kuliko Kenya, na Bungoma ni mojawapo ya ngome zao. Wamisionari watatu Wamarekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifungua kituo cha Kaimosi mwaka 1902, na kutoka huko kanisa likaenea hadi Lugulu na kwingineko Bungoma. Mafundisho mawili ya Waquaker yanahusika hapa: kwamba ndani ya kila mtu kuna kitu cha Mungu, na kwamba ukweli hauhitaji kiapo, kwa sababu ndiyo ya mwamini iwe ndiyo na siyo yake iwe siyo. Friends wa Uingereza waliamua mwaka 2009 kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja sawa na nyingine. Viongozi wa Friends wa Kenya wanaupinga msimamo huo waziwazi, na tofauti hiyo isishangaze mtu, kwani hata ibada zao hazifanani: Waingereza huketi kimya bila mhubiri, ilhali huku kuna wachungaji, kwaya na mahubiri marefu. Lugulu haiwajibiki kuiga London. Inawajibika, hata hivyo, kwa ushuhuda wake yenyewe kuhusu ukweli, na ushuhuda huo unavunjwa kila Jumapili ambapo mwanamume anaketi katika safu ya vijana akijua kwamba uanachama wake umesimama juu ya mchumba wa uongo anayedaiwa kuishi Nakuru. Watu walewale wanaomwonya mgonjwa na mdeni kwamba mficha uchi hazai ndio wanaomtaka huyu afiche, na akifichuka humwita mnafiki.

Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba kanisa linaweza kupambana na mtu huku likimfahamu. Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji kandanda hodari aliyekuja kuongoza vuguvugu la kidini la Dini ya Msambwa, alikuwa mfuasi wa Friends kabla ya kutengwa kwa kuoa mke wa pili. Kosa lake, kwa hesabu ya wamisionari, lilikuwa la ndoa na la mwili, lakini lilikuwa na sura na jina. Aliweza kulijibu, kulitetea kwa desturi ya Wabukusu, na mwishowe kuondoka akiwa ameinua kichwa. Kupenda mtu na kukataa tendo lake kunawezekana katika ugomvi wa namna hiyo, kwa sababu pande zote mbili zimeonana. Haiwezekani pale ambapo anayedaiwa kupendwa ni sura ya bandia. Mara nyingi chumba pekee ambamo mwanamume anayejificha hivyo huulizwa ukweli wake na kuujibu bila kuhukumiwa kimekuwa cha muuguzi, kupitia huduma za UKIMWI ambazo Wizara ya Afya yenyewe imeziruhusu kwa makundi yaliyo hatarini; na vyumba vingi vya aina hiyo nchini viliyumba au kufungwa baada ya Marekani kusimamisha misaada yake Januari 2025.

Mpaka wa Lwakhakha, katika kaunti ya Bungoma, unawatenganisha Wabukusu na ndugu zao Wagisu ambao wanashiriki nao desturi ya tohara, na ng'ambo yake Sheria ya Kupinga Ushoga ya Uganda ya mwaka 2023 inatoa kifungo cha maisha, na kifo kwa makosa inayoyaita ya kupindukia. Sheria hiyo ilimtaka pia kila mtu anayejua au kushuku aripoti polisi. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame, lakini ikakifuta kifungu hicho cha kuripoti pamoja na vingine vichache, ikitaja haki ya afya, ya faragha na uhuru wa dini. Majaji ambao hawakuwa na huruma yoyote kwa tendo walitambua kwamba mtumishi wa Mungu anayelazimishwa kuripoti hawezi tena kumsikiliza mtu. Nchini Kenya, Mswada wa Kulinda Familia uliopendekezwa mwaka 2023 na mbunge wa Homa Bay Town, George Peter Kaluma, unakusudia kuongeza adhabu kwa tendo na pia kuharamisha kile unachokiita kueneza ushoga. Na mchungaji wa Kimilili anayeuunga mkono kwa nia njema, akiwa bado anafundisha kwamba mtu apendwe, hana budi kueleza ni wapi atakapomkalisha mtu huyo ili amweleze yeye ni nani, na nani mwingine ataruhusiwa kuwapo chumbani.