Anayeita Simile

Naanza kwa kukiri, msomaji mwenzangu, usije ukadhani nimepanda mimbari kukuhubiria. Mimi nimemwangusha mama wa watu. Si kwa gari wala kwa pikipiki. Nilimwangusha kwa baiskeli, tena ya kukodi, asubuhi ya Jumamosi ndani ya Msitu wa Karura.

Kwa asiyepajua, Karura ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ulio ndani ya jiji la Nairobi. Una njia za udongo zinazopinda katikati ya miti, na penye njia panda kuna vigingi vyenye namba ili mgeni asipotee. Njia hizo ni za kila mtu. Utakuta wanaotembea na wanaokimbia, wenye mbwa, wenye watoto, wapenzi walioshikana mikono kana kwamba dunia ina watu wawili tu. Na sisi wa baiskeli tumo.

Siku hiyo nilikuwa nateremka mlima, upepo masikioni, raha tupu. Mbele yangu alikuwa anatembea mama mmoja wa miaka sitini na kitu, na mjukuu wake kando. Niliona nafasi upande wa kulia, inanitosha kabisa. Nikapiga kengele, kring-kring, wala sikupunguza mwendo. Mama akashtuka. Akamvuta mtoto, akaruka naye kulia, palepale nilipokuwa napita. Nilishika breki, gurudumu likateleza, mpini ukampiga begani, akaenda chini.

Sasa sikia aibu yangu. Neno la kwanza kunitoka kinywani halikuwa “pole”. Nilisema, “Mama, si nilipiga kengele!”

Alikuwa ameketi chini, ameushika mkono wake. Akaniangalia bila hasira, akasema, “Kengele niliisikia, kijana. Sikujua ulitaka niende wapi.”

Tuliandamana hadi langoni, mimi nikiikokota baiskeli na yule mtoto nimempakia kitini. Njiani mtoto akaniuliza, “Kwani baiskeli yako haina breki?” Nikamwambia inazo. Hakuuliza tena. Mkono wa mama ulikuwa umeteguka, na ulipona baada ya wiki chache. Maneno yao wawili ndiyo ambayo hayajaniondoka, na ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Hebu tujiulize: nilipopiga kengele nilidhani nasema nini? Nikijichunguza kwa haki, nilikuwa nasema, “Toka.” Zaidi ya hapo, nilidhani kwamba nikishapiga, deni langu limelipwa. Likitokea la kutokea, ni shauri lake yeye aliyeonywa. Fikira hiyo sikuizua mwenyewe. Niliisomea barabarani. Hapa mjini anayepiga honi ndiye mwenye njia. Matatu ikilia nyuma yako unaruka mtaroni kwanza, halafu ndipo unauliza kulikuwa na nini. Lori huitisha matatu, matatu huitisha teksi, teksi humwitisha mwenye mkokoteni, na wote kwa pamoja humwitisha anayekwenda kwa miguu. Tumeishi na sheria hiyo mpaka tukadhani ni ya maumbile, kama mvua. Basi siku tunapokwenda msituni kuikimbia matatu, tunaingia nayo kichwani.

Rafiki yangu mmoja, mwendesha baiskeli kama mimi, alinipinga nilipomsimulia. “Wee, usijitese bure,” akasema. “Njia ni ya wote. Kama ni ya wote, kila mtu ana wajibu sawa. Naye pia angegeuka aangalie nyuma.”

Hoja yake ina ukweli ndani yake, na sitaki kuipita kama haipo. Wanaotembea nao wana makosa yao. Kuna wanaojipanga watano kwa upana kama wanaandamana. Kuna wanaoziba masikio yote mawili kwa muziki, dunia ikawa haiwafikii tena. Kuna anayemwachia mbwa kamba ndefu mpaka ikakingama njia nzima kama mtego. Kutembea hakumfanyi mtu kuwa malaika.

Lakini “ya wote” haimaanishi wajibu ni sawa. Tufanye hesabu ndogo. Baiskeli inayokwenda kilomita 20 kwa saa hupita kama mita tano na nusu katika sekunde moja. Anayetembea polepole hupita mita moja na kidogo. Ile sekunde moja ya mshtuko, ambayo mama yule aliihitaji ili aamue kushoto au kulia, mimi niliitumia kumfikia. Tukigongana, uzito na mwendo ni wangu, mfupa utakaovunjika huenda ukawa wake. Tuna haki sawa ya kuwa pale, ila hatuna uwezo sawa wa kuumizana.

Je, basi sheria ni kwamba mwenye nguvu ampishe mnyonge? Niliridhika na jibu hilo kwa muda, mpaka nikakumbuka kibao fulani. Kule Marekani, katika njia za milimani zinazotumiwa na waendao kwa miguu, wapanda farasi na wenye baiskeli, huwekwa kibao cha pembetatu. Kinasema hivi: mwenye baiskeli ampishe anayetembea, na wote wawili wampishe farasi. Ajabu, sivyo? Farasi ndiye mkubwa kuliko wote pale. Mbona apishwe yeye?

Anapishwa kwa sababu ni mwepesi wa kushtuka. Akiogopa, aliye mgongoni hana hakika ya kumzuia. Kumbe kibao hakipimi nguvu. Kinauliza swali jingine: kati yenu, ni nani anayeweza kujizuia kwa urahisi zaidi? Huyo ndiye asimame. Hata kwenye mteremko desturi ni hiyohiyo. Anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama ni kazi kubwa kuanza upya. Na hapo ndipo niliposikia tena swali la yule mtoto. Breki zilikuwa mikononi mwangu. Mama hakuwa na breki ya kushika. Alikuwa na mshtuko tu.

Kuna neno lililonisaidia kuyaweka haya mahali pamoja, nalo nililitoa utotoni. Likizo za shule nilikuwa napelekwa Mombasa kwa shangazi yangu, Mji wa Kale. Vichochoro vya kule ni vyembamba, na hamali aliyesheheni mkokoteni huita tangu mbali, kabla hajafika kwenye kona: “Simile! Simile!” Sisi watoto tukilisikia tunajibana ukutani mara moja, na yeye anapita. Hatukuhitaji kuambiwa twende wapi. Kila mtu wa mtaa alijua jibu la neno lile, na mwitaji alilitoa mapema, akasubiri lifanye kazi yake.

Sasa tazama lugha yetu ilivyo na akili. Neno hilohilo lina maana ya pili. Mtu asiye na subira, asiyestahamili, Waswahili husema “hana simile”. Nimetumia maneno haya mawili maisha yangu yote bila kuyakutanisha. Siku hizi nayaona ni neno moja: anayeita simile sharti awe nayo. Kelele ya kuomba njia bila subira ya kungoja njia ni honi ya matatu tu, hata ikitoka kwenye kikengele kidogo kama yai.

Kengele yangu msituni ilikosa mambo mawili ambayo sauti ya hamali ilikuwa nayo. Ilikosa umbali, kwa maana nilipiga nikiwa nimeshafika. Na ilikosa maana, kwa kuwa mimi na mama yule hatukuwa na mapatano yoyote juu yake. Nilimtupia sauti nikamwachia yeye kazi ya kuifasiri, kwa sekunde moja, akiwa na mtoto mkononi.

Utasema nimefanya jambo dogo kuwa kubwa. Pengine. Lakini kumbuka msitu wenyewe ulivyopatikana. Miaka ya tisini Karura ulikuwa umekatwakatwa kwenye karatasi na kugawiwa watu binafsi wajenge majumba. Januari 8, 1999, Wangari Maathai na wenzake walikwenda pale kupanda miti, wakashambuliwa na kundi la vijana waliokodiwa, naye akapasuliwa kichwa. Baadaye mwezi huohuo wanafunzi wa vyuo vikuu, vijana wa rika letu, waliingia barabarani kuupigania, wakapambana na polisi. Mama yule alikuja kupewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004. Ile njia niliyoteremka kwa raha ilitolewa damu ili isiwe ya mtu mmoja.

Sisemi mwendesha baiskeli ni sawa na mnyakuzi wa ardhi. Huo ungekuwa uzushi. Nasema fikira zao zina undugu. Mnyakuzi huitazama mali ya wote akaona watu wengine ni vikwazo vya kuondolewa. Mimi nami, kwa sekunde zile chache, niliitazama njia ya wote nikamwona bibi na mjukuu wake kama vitu vilivyokaa mahali pangu. Yeye alitumia hati bandia, nami nikatumia kengele.

Siku hizi naendesha hivi. Nikimwona mtu mbele napunguza mwendo kwanza, ndipo napiga kengele, nikiwa bado mbali. Nikikaribia natumia mdomo: “Habari ya asubuhi, napita kulia kwako.” Nangoja dalili, kichwa kugeuka au mkono kuinuka. Nikimwona mtoto au mbwa, nakwenda mwendo wa miguu, au nashuka kabisa. Nami nikiwa natembea, naacha sikio moja wazi, sikai katikati ya njia, na nikisikia sauti nyuma yangu siruki. Nainua mkono kwanza, aliye nyuma ajue nimemsikia.

Nimepoteza kitu, sikudanganyi. Ule mteremko ulikuwa mtamu, na siku hizi mara nyingi naufika chini nikiwa nimeshika breki njia nzima. Ninapoikumbuka ile raha namkumbuka na mtoto aliyeketi kwenye baiskeli yangu, miguu ikining’inia, akizitazama zile breki mbili kwenye mpini.