Elimu ya Nafsi na Shamba la Mama

Imetufikia barua kutoka Mosocho, karibu na mji wa Kisii, iliyoandikwa na kijana aliyekuwa akihudhuria darsa letu baada ya Magharibi alipokuwa mwalimu hapa Mombasa. Sasa amerudi kwao na anasomesha huko. Atueleza kuwa chuo kikuu kimoja kimemkubali kwa masomo ya uzamifu wa elimu ya nafsi, ambayo siku hizi huitwa saikolojia. Barua ya chuo imejaa pongezi, lakini haina hata senti moja. Karo ni juu yake, vitabu ni juu yake, malazi ni juu yake, kwa miaka mitatu iliyoandikwa katika karatasi, ambayo waliopita njia hiyo wajua kuwa aghlabu huzidi. Mama yake amesema yu tayari kuuza kipande cha shamba la majani ya chai. Kijana auliza: aende, au asiende?

Tuliisoma barua hii barazani, na papo hapo watu wakagawanyika. Wako waliosema, elimu ni elimu, na aende, Mungu ndiye Mpaji. Na wako waliosema, saikolojia ni mambo ya Wazungu, yatufaa nini?

Hawa wa pili tuwajibu kwanza, maana jawabu lao ni jepesi. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya tiba ya miili na ya nafsi, akaeleza huzuni, hofu na wasiwasi kama maradhi yenye dawa. Basi elimu hii si ngeni kwetu. Sisi ndio tulioiacha. Na anayeuliza yatufaa nini, na atazame Marani, si mbali na Mosocho. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021 vikongwe wanne wa kike waliuawa huko kwa kutuhumiwa uchawi, wakachomwa moto. Mtu mzima anayesahau jina la mwanawe, akatoka usiku na kukutwa alfajiri uani kwa jirani hajui amefikaje, huyo kwa mwenye elimu ni mgonjwa. Kwa asiyejua ni mchawi. Wala sisi wa pwani tusijione bora, kwani Kilifi nako wazee wameuawa kwa tuhuma hiyo hiyo.

Tena nchi hiyo ya Wagusii imekwisha kuchunguzwa sana kwa elimu hii. Mmarekani Robert LeVine, aliyesomea Harvard, alikaa huko kuanzia mwaka 1955 hata 1957, akirudi miaka ya sabini pamoja na wenziwe kutazama jinsi mama wa Kigusii anavyomlea mwanawe. Vikatoka vitabu, kimoja mwaka 1966 na kingine mwaka 1994. Hatuwalaumu; walifanya kazi ya maana. Lakini utafiti wao ulilipiwa na taasisi za kwao. Leo mtoto wa Mgusii ataka kuisoma nafsi ya watu wake mwenyewe, naye aambiwa auze shamba.

Hapo ndipo penye mas'ala. Wanazuoni wetu wameigawa elimu: iko iliyo faradhi kwa kila mtu, na iko iliyo faradhi ya kifaya, ambayo wakiishika wengine huwatosheleza wote, na wasipoishika hata mmoja, wote wana dhambi. Imamu Ghazali, katika Ihya, aliitia tiba katika fungu hili la pili, akalalamika kuwa watu wamejazana katika fikihi na kuacha miji bila ya matabibu wa Kiislamu. Tiba ya nafsi nayo, kwa rai yetu, ni ya fungu hilo. Ikiwa ni hivyo, kwa nini deni la watu wote litiwe shingoni mwa nyumba moja? Ghazali mwenyewe alipokuwa mtoto, fedha aliyoachiwa na baba yake ilimalizika, na yule aliyewalea, yeye na nduguye, akawapeleka madrasa ambako mwanafunzi alipata chakula chake. Lau ingekuwa ni kuuza shamba, huenda leo tusingelijua jina lake.

Turudi kwa wale wa kwanza. Kutegemea Mungu ni jema mtu anapotia hatarini kilicho chake. Kijana akila mara moja kwa siku, akivaa viatu vilivyotoboka, hilo ni lake na thawabu ni yake. Lakini shamba si lake. Aweza kutujibu: mama ameridhia. Nasi twauliza, ameridhia vipi? Mama aliyeonyeshwa barua yenye mhuri, na majirani wamekwisha kuja kumpongeza, atawezaje kusema hapana? Wanazuoni wamesema kuwa kinachotwaliwa kwa kumtia mtu haya ni kama kinachotwaliwa kwa nguvu. Na yuko dada mdogo angojaye zamu yake ya kwenda chuo, ambaye barua haitaji kuwa aliulizwa.

Mzee mmoja katika sisi alipinga kwa ukali. Alisema, “Mwamfanya mama huyo mtoto. Mali ni yake, akili anayo, na pengine furaha yake yote ya dunia ni kumwona mwanawe ametukuka. Nyinyi ni nani mumkinge na furaha yake?” Neno hili lilitunyamazisha kitambo, na hatukuweza kulipuuza. Tulilolipata baada yake ni hili tu: ridhaa ya mtu mzima ni kwa kitu anachokijua. Je, mama ameambiwa kuwa wengi huanza masomo hayo na wasiyamalize? Ameambiwa kuwa mwenye shahada hiyo hakuahidiwa kazi na mtu yeyote? Ameambiwa kuwa chuo kilichomkubali mwanawe bila ya kutoa kitu hakipotezi kitu akishindwa?

Kwa hivyo tumemshauri asiende mwaka huu kwa njia hii. Akiulize chuo ni wangapi walioingia na wangapi waliohitimu, na kama iko kazi ya kusomesha itakayopunguza karo. Huko Marekani vyuo vingi humsamehe karo mwanafunzi wa uzamifu wa utafiti wa saikolojia, na kumpa posho kwa kazi ya kusomesha na kuchunguza. Ila ziko shahada za udaktari wa tiba hiyo ambazo aghlabu mwanafunzi hujilipia, naye asichanganye hizi na zile. Hapa Kenya wako wanaosoma huku wakiendelea na kazi zao. Na ajiulize pia, usiku akiwa peke yake, kama ataka elimu au ataka kuitwa Daktari.

Mji huu wetu hulisha watu mamia katika arusi moja, na wakfu wa wanafunzi haupo mtaani petu. Baada ya mazungumzo tulipitisha kikapu. Kilichopatikana hakifiki karo ya muhula mmoja. Chatosha ada za maombi ya vyuo vitatu. Tumempelekea, na tumemwandikia amsomee mama yake barua yetu yote, pamoja na maneno ya mzee wetu, dada yake naye awepo.