Kuiona Jana Si Kuielewa

Mwanafunzi anavaa miwani ya uhalisia pepe darasani, na papo hapo anajikuta Umatumbi, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo, Julai 1905, Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani vikikaribia kuanza. Mbele yake kuna shamba la pamba ambalo wanakijiji wamelimishwa kwa nguvu. Anakabidhiwa dhima: wewe ni jumbe, kiongozi wa kijiji, na watu wako wanataka kuing'oa pamba hii. Utawaunga mkono, utawazuia, au utapeleka habari bomani? Igizo dhima la namna hii linawavutia walimu wengi wa historia, na mvuto wake unaeleweka. Lakini akishavua miwani, mwanafunzi huyu atakuwa ameijua historia, au atakuwa ameona picha tu?

Mwanafalsafa Mwingereza R. G. Collingwood, katika The Idea of History, kitabu kilichochapishwa mwaka 1946 baada ya kifo chake, alishikilia kwamba tukio la kihistoria lina upande wa nje na upande wa ndani. Nje ni miili na mienendo yake. Ndani ni fikra za waliotenda. Kuijua historia ni kuzifikiri upya fikra hizo kwa kuongozwa na ushahidi. Kwa kipimo hicho, miwani inatupa ganda bila kiini.

Simfuati Collingwood hadi mwisho. Fikra za binadamu hukaa katika miili inayochoka, juu ya ardhi yenye milima na mito. Mwanafunzi anayeuona kwa macho yake umbali wa kutoka Ngarambe, kwa Kinjeketile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa yaliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji, hadi Mahenge, atauliza habari za maji hayo zilifikaje huko kwa miguu, na ziliziunganishaje jamii zisizokuwa na mtawala mmoja. Swali hilo ni mwanzo wa uelewa, na ramani ya kitabuni huliibua kwa nadra.

Hata hivyo, kinachotutenga zaidi na watu wa 1905 ni kwamba sisi tunaujua mwisho. Tunajua kuwa Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Tunajua kuwa tarehe 30 mwezi huohuo wapiganaji waliolivamia boma la Mahenge walifyekwa na bunduki za rashasha. Kuwa tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao, walinyongwa Songea. Na kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala hadi njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Kwa kuwa tunajua, tunahukumu upesi: waliaminije kwamba risasi zingegeuka maji? Swali hilo lina kiburi ndani yake. Waliotenda walikuwa wakipima mambo yaliyokuwa mbele yao: kodi, kiboko, pamba isiyolika, na tumaini la kusimama pamoja. Tena vita viliendelea hadi 1907, muda mrefu baada ya Kinjeketile kunyongwa. Anayesema watu wale walidanganyika tu hana budi kulieleza hilo.

Hapa ndipo thamani ya igizo dhima ilipo. Linaweza kumrudishia mwanafunzi hali ya kutojua mwisho, kisha likamlazimu aamue. Jumbe wa darasani akishaamua na kutetea uamuzi wake mbele ya wenzake, hataweza tena kuwaita watu wa kale wajinga bila kujiuliza yeye angefanya nini.

Lakini zipo hatari mbili. Ya kwanza ni kwamba picha haijui kunyamaza. Kitabu kinaweza kukiri kwamba jambo fulani halijulikani. Miwani haiachi pengo wazi. Sauti ya Kinjeketile haikurekodiwa, lakini mtengeneza programu lazima ampe sauti. Mwandishi wa tamthilia Ebrahim Hussein naye alimpa sauti katika tamthilia yake ya mwaka 1969, ila mtazamaji wa jukwaani anajua kwamba anatazama mchezo. Miwani huficha ukingo wa jukwaa. Kwa hiyo mwanafunzi aonyeshwe wazi ni kipi kimetoka katika faili za wakoloni, ni kipi kimetoka katika masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, na ni kipi kimebuniwa.

Hatari ya pili ni ya kimaadili. Mtoto aliyeshiba hawezi kuigiza njaa, wala hapaswi kuwekwa chini ya kitanzi ili asisimke. Huruma ya dakika kumi inaweza kumfanya aamini kwamba amekwisha kuyajua maumivu ya wengine. Nao wahusika wana wajukuu walio hai: Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi Songea mbele ya wazao wa waliouawa. Dhima anayopewa mwanafunzi ni jina la babu wa mtu.

Basi, walimu, mkiipata miwani itumieni, lakini muda wa kuivua na kuhoji uwe mrefu kuliko muda wa kuivaa. Msipoipata, msisikitike. Viti vichache, ushahidi wa kweli na swali gumu vinatosha kumweka mwanafunzi mahali pa jumbe yule. Shule isiyo na miwani haijanyimwa historia. Iliyonyimwa ni ile inayompa mwanafunzi majibu kabla hajalazimika kuamua.