Deni Lisilotangazwa

Shangazi tulimzika Sudi baada ya sala ya alasiri. Kabla jeneza halijainuliwa, baba mdogo alisimama akasema yale yasemwayo kila mazikoni: anayemdai marehemu ajitokeze. Mwenye duka alidai shilingi 14,000. Fundi cherehani akasamehe. Likabaki deni moja ambalo hakuna aliyelitaja.

Shangazi alikufa kwa saratani ya titi akiwa na miaka 43. Bibi, mama yake, alikuwa na "donda la kifua". Mdogo wake bibi "alivimba tumbo" akafa hata mvi hana. Ndivyo tulivyosimuliwa. Nilipomsindikiza shangazi Ocean Road, Dar es Salaam, daktari alimuuliza kama kuna mwingine katika ukoo. Akajibu, "Hapana." Wakati wa kurudi, basi lilipokuwa juu ya Daraja la Mkapa, akaniambia, "Mwanangu, maradhi ya mama yangu nimwanike mbele ya mgeni?"

Hiyo ndiyo stara, na sitaki kuidharau. Tunamwosha maiti chini ya shuka ili hata anayemwosha asione zaidi ya anachopaswa kuona. Swali langu ni hili: je, stara ya marehemu inafika mpaka wapi, ikiwa alichokificha kimo pia ndani ya miili ya walio hai?

Saratani nyingi hazirithiwi. Zinazotokana na jeni ya kurithi ni kama asilimia 5 hadi 10 tu. Ile ya shingo ya kizazi, inayowamaliza mama zetu wengi, husababishwa na kirusi. Lakini titi na ovari zikiugua upande mmoja wa ukoo, tena mapema, kizazi baada ya kizazi, ni lazima kuuliza. Mwaka 1990 Mary-Claire King alionyesha kuwa ipo jeni ya namna hiyo katika kromosomu ya 17. Ikaja kuitwa BRCA1. Mzazi mwenye hitilafu hiyo humrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa asilimia 50. Katika mirathi yetu binti hupata nusu ya fungu la kaka yake. Hapa wako sawa. Na baba naye hurithisha, ingawa wanaume tunauita ugonjwa wa kina mama.

Binti wa shangazi ana miaka 24 na ameposwa. Wanaotetea ukimya wana hoja: Sudi hakuna kipimo cha jeni, na neno likifika kwa wakwe, posa inaweza kurudishwa. Kwa nini kumpa hofu asiyoweza kuitibu?

Kwa sababu si kila kinga inahitaji maabara. Shangazi alikaa na uvimbe miezi minane akiukanda kwa maji ya moto, akiamini utayeyuka wenyewe. Binti anayejua habari za bibi yake hasubiri miezi minane. Anajua aanze kuchunguzwa mapema kuliko wenzake, na daktari akimuuliza ana la kujibu. Kumnyima habari hiyo ni kumwachia hatari na kumficha dalili zake.

Lakini deni hulipwa kwa mwenyewe, halipigiwi mbiu. Habari hii ni yake kabla haijawa ya mchumba wake, na ana haki hata ya kukataa kuisikia. Kwa hiyo siku ya arobaini, wageni walipoondoka, nilimfuata uani alikokuwa akisugua masufuria, nikaanza kwa kumuuliza kama anataka kujua.

"Sema, kaka."

Nikasema yote: bibi, mdogo wake bibi, mama yake. Alisikiliza bila kuacha kusugua. Nilipomaliza, akanitazama.

"Na baba yako ni tumbo moja na mama. Wewe una binti. Umeshamwambia mkeo?"

Nilikuwa nimekwenda pale kama mleta habari. Sikuwa nimejihesabu miongoni mwa warithi. Nikachukua sufuria lililobaki, nikakaa kando yake, nikaanza kusugua.