Ondoeni C:\Users Katika Mifano Yenu

Ninyi mnaoandika mifano ya programu ili wengine wajifunze, nisikilizeni. Mwalimu wa kompyuta hapo Same, kijana wa Mwanga unayewafundisha wenzako Python, mtafiti unayeambatisha msimbo kwenye ripoti ya bonde la Pangani: kuna mstari mmoja katika kazi zenu unaowafukuza watu walewale mnaotaka wafike. Ni ule unaosema faili liko wapi.

Chukueni Bwawa la Nyumba ya Mungu. Maji ya mito ya Kikuletwa na Ruvu hukutana pale, huzungusha mitambo ya megawati 8, kisha hushuka na Mto Pangani kupita Hale hadi Bahari ya Hindi. Mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe nao unachota humo humo. Kina cha bwawa hilo ni habari ya uhai kwa mvuvi, kwa mkulima na kwa anayesubiri bomba. Tuseme umeandika programu nzuri ya kuchora kina hicho mwezi kwa mwezi, ukaigawa. Lakini ndani yake umeandika C:\Users, likafuata jina lako, ikafuata Desktop, ndipo faili. Nani mwingine duniani ana folda hiyo? Msichana wa Kihurio aliyeupata mfano wako kwa flashi ataambiwa faili halipo, naye atadhani yeye ndiye asiyejua. Hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Hakukosea kitu! Umemwelekeza bwawani kwa kuanzia mlangoni kwako Mwanga, na yeye anatokea Kihurio.

Msiniambie kwamba atabadilisha mwenyewe. Anayeanza hajui bado ni kipi cha kubadilisha na ni kipi cha kuacha. Ndiyo maana alihitaji mfano.

Jueni pia ulikotoka mgawanyiko wa kompyuta katika kuandika njia ya faili. Unix, iliyoanzia Bell Labs mwaka 1969, ilitenganisha folda kwa mkwaju huu: /. MS-DOS ya kwanza, ya 1981, haikuwa na folda, na mkwaju huo ilikwisha kuupa kazi ya kutanguliza machaguo ya amri. Folda zilipoingia katika toleo la 2.0 mwaka 1983, ikabidi utumike mkwaju wa nyuma: \. Windows ikaurithi, Linux na macOS zikashika ule wa Unix. Siwalaumu wale wa kale. Nawalaumu wanaoyajua haya leo na bado wanaandika kana kwamba kila mtu ana kompyuta kama ya kwao.

Na mkwaju wa nyuma una mtego unaotunasa hasa sisi tunaoyapa mafaili majina ya Kiswahili. Katika Python, alama hiyo ikiwa ndani ya nukuu huungana na herufi inayoifuata, vikawa kitu kingine kabisa. Andika "bwawa\samaki.csv", itapita, ingawa matoleo mapya yatatoa onyo. Andika "bwawa\nyumba.csv", na \n inakuwa agizo la kuanza mstari mpya: programu inatafuta faili ambalo jina lake limekatika, bwawa juu, yumba.csv chini! Ukiandika \takwimu, t inamezwa na kuacha pengo la tab. Ukiandika \afya, inaingia alama ya kengele. Na "bwawa\Nyumba.csv", kwa N kubwa, Python 3 inaikataa kabla programu haijaanza, kama inavyoikataa "C:\Users" kwa sababu ya \U. Ripoti, barua, faili, vipimo: maneno yetu ya kila siku yote yanatumbukia humo. Mwanafunzi aliyefaulu kwa samaki anakwama kwa nyumba, na hakuna aliyemwambia kwa nini.

Tena Windows haijali kama ni Kina.csv au kina.csv, Linux inajali, na mfano uliotii kwenye laptopu unaanguka siku unapopandishwa kwenye seva. Kwenye majina ya mafaili tumieni herufi ndogo tupu. Folda iitwayo Nyumba ya Mungu, ikiandikwa kwenye amri bila nukuu, husomwa kama vitu vitatu. Ifungeni kwa nukuu. Msimkataze mtu kuita folda kwa jina la bwawa lake.

Zana za kutuokoa zipo. Python ina pathlib tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014, Java ina java.nio.file tangu toleo la 7 la mwaka 2011, R ina file.path. Katika Python andikeni hivi: Path(__file__).parent / "takwimu" / "nyumba.csv". Yaani anzia ilipo programu yenyewe, ingia takwimu, chukua faili. Msianzie kwenye folda ambayo mtu amesimama wakati anaiendesha, maana hiyo hubadilika kila siku. Na faili la takwimu lisafiri pamoja na mfano, folda moja. Mkilazimika kuandika njia kwa mkono, tumieni /, kwa kuwa Windows nayo huikubali karibu kila mahali programu inapofungua faili. Kinyume chake hakiwezekani: Linux ikiagizwa kuandika takwimu\kina.csv huunda faili moja lenye mkwaju ndani ya jina lake, bila kulalamika, na mwanafunzi huitafuta folda ya takwimu asiione.

Usiku wa leo, kabla ya kulala, fungueni mifano yenu. Tafuteni C:\, tafuteni /home/, tafuteni /Users/. Kila mtakapolikuta jina lenu ndani ya njia, lifuteni. Kesho mpelekeeni mtu mwenye mashine isiyo kama yenu, mkae nyuma yake, mikono mbali na kibodi, aiendeshe mwenyewe. Ikigoma, iandikeni upya kabla hamjampa mwingine.