Matunda ya Bibi Maryam

Kila Nabii Zakaria alipoingia mihirabuni kumtazama Bibi Maryam, alimkuta na riziki ambayo hakujua imetoka wapi. Wafasiri wengi wa Qur'ani wanasema ilikuwa matunda ya kiangazi wakati wa baridi, na ya baridi wakati wa kiangazi. Mzee yule, mvi zimemjaa na mkewe tasa, alipoyaona ndipo alipopata moyo wa kuomba mtoto. Mwenye kuleta tunda nje ya wakati wake, mwana atamshinda?

Hapa Carpentras, kusini mwa Ufaransa, muujiza huo unauzwa Januari kwenye friji ya supamaketi. Stroberi zimepangwa katika vikasha vya plastiki, zimeandikwa Huelva, Hispania, na watu wanazitupia kikapuni baina ya mtindi na sabuni. Sijamwona hata mmoja aliyesimama akaomba dua.

Kwa hiyo nauliza: msimu ni upungufu wa dunia hii, ambao tushukuru ukizibwa, au ni neema ambayo tukiiondoa tunajipunja wenyewe?

Majirani zangu Wafaransa wana jawabu la haraka: tunda la mbali si letu. Jawabu hilo silitaki. Mimi mtu wa Wete, niliyeolewa na Mngazija wa Marseille, nitaanzaje kulilaumu tunda kwa kuvuka mpaka? Na hiyo stroberi yao nayo ni mgeni. Mwaka 1714 mhandisi wa mfalme, Amédée-François Frézier, aliyekuwa ametumwa Amerika ya Kusini kuchunguza ngome za Wahispania, alirudi na miche ya stroberi kutoka Concepción, Chile. Miche ilikuwa ya kike. Ilimea, ikachanua, ikakataa kuzaa, mpaka ilipokaribiana bustanini na stroberi za Virginia, Amerika ya Kaskazini. Aliyekuja kueleza ndoa hiyo ni Antoine Nicolas Duchesne, katika kitabu chake cha 1766, kabla hajatimiza miaka 20. Stroberi kubwa tunazokula leo zote ni kizazi cha wageni hao wawili waliokutana ugenini. Kwa hiyo naomba habari ya utaifa tuiweke kando. Kinachonishughulisha ni wakati.

Soko letu ni la Ijumaa, chini ya miti ya platani na katika vichochoro vya mji, na hapo kalenda naisoma mezani kuliko ukutani. Baridi ni uyoga mweusi wa ardhini, trufi, unaouzwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni magendo. Kisha inakuja asparaga, nyeupe na kijani. Mbuzi wakizaa, jibini laini zinaongezeka, na ile ya Banon inaletwa imefungwa kwa majani ya mti wa chesnati na kukazwa kwa ukili wa rafia. Mei na Juni ni cheri za Ventoux. Halafu matikiti ya Cavaillon, ambayo muuzaji wake hakupi moja mpaka akuulize utalila mchana au jioni, kisha ananusa kitako cha kila tikiti na kukuchagulia la saa hiyo. Mara ya kwanza nilidhani ananidadisi mambo ya nyumbani kwangu.

Stroberi nanunua kwa bibi mmoja wa makamo yangu. Ananiita Madame nami namwita Madame, na kwa heshima hiyo tunagombana vizuri. Huwa na gariguette, ndefu, nyekundu ya kuelekea chungwa, yenye ukali kidogo. Ilizalishwa miaka ya 1970 na watafiti wa serikali karibu na Avignon, si mbali na hapa. Huwa na ciflorette pia, tamu zaidi na laini hata unaogopa kuibeba. Hataki nizitie frijini wala nizikate kikonyo kabla ya kuziosha, na hataki kusikia habari ya kesho. Ana haki. Stroberi si embe. Ukiichuma mbichi haiongezeki utamu hata ukiiweka wiki nzima. Inayosafiri mbali kwa lori lazima ichumwe ikiwa ngumu, na hapo ndipo utamu wake unapoishia.

Mtume alikataza kuuza matunda mtini kabla ya kuiva kwake kudhihiri. Najua mafakihi wanalizungumzia hilo kama suala la mkataba, muuzaji na mnunuzi wasidhulumiane. Lakini kuna hadithi nyingine, iliyo katika Sahihi Muslim, inayonigusa zaidi: watu wa Madina walipomletea tunda la kwanza la msimu, aliliombea baraka, kisha akamwita mtoto mdogo kuliko wote waliokuwepo akampa. Hakupewa mkubwa wa kaya wala mwenye shamba. Kwa mtoto yule pengine lilikuwa la kwanza kabisa maishani. Nami naona kwamba penye tunda lisilokoma, sunna hiyo inakosa pa kusimama, kwa sababu lisilokoma halina la kwanza.

Nisijifanye kwamba sokoni ni Madina. Hata yule bibi wa Ijumaa analima ndani ya mahandaki ya plastiki, ndiyo maana anazo Machi, wakati upepo wa mistral bado unakata masikio. Na bei yake si ya kila mtu. Mjukuu wangu alizaliwa Februari, na kila mwaka anataka keki ya fraisier, yenye stroberi zilizokatwa nusu zikapangwa ukingoni. "Bibi, siku yangu ya kuzaliwa siwezi kuihamisha," aliniambia. Nikaenda kununua za Huelva. Miongoni mwa wanaozichuma huko wamo wanawake wengi wa Kimoroko walioacha watoto nyumbani, kwa mikataba inayoitwa ya msimu, jina ambalo kwa tunda la Januari linanishangaza. Niliosha, nikapanga, mtoto akafurahi. Sukari ilifanya kazi ambayo jua halikuifanya.

Bado ninalo fumbo moja. Sura ya Al-Waqia inaeleza kwamba matunda ya peponi hayakatiki na hakuna wa kuyazuia. Kama kutokoma ni sifa ya pepo, mbona supamaketi hainukii pepo? Jawabu langu nimelipata katika Al-Baqara, panaposimuliwa kwamba watu wa peponi wakipewa tunda watadhani ni lile walilopewa mwanzo, kumbe limefanana tu. Wapo wafasiri wanaosema sura ni moja na ladha ni tofauti. Basi huko kila tunda ni la kwanza. Ya Huelva yanafanana kwa sura na kwa ladha, kila Januari.

Nilimpelekea imamu wetu hoja hii baada ya sala, mkononi nina kikasha cha ciflorette. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua tatu, akaniambia niombe kwanza kuingia, mambo ya ladha nitayauliza huko huko. Sikuridhika. Zakaria hakungoja afike peponi. Aliuliza pale pale, mihirabuni, tunda likiwa mbele yake.